Esha, Njoo Utie Chumvi

Mvua za mwaka huu zilipoanza, ukuta wa jiko langu hapa Nachingwea ulianza kutoa mchirizi. Nilidhani bati limetoboka. Nikapanda stuli, nikapapasa huku na huku, kumbe maji yanatoka kwenye kibuyu cha chumvi cha marehemu mama, nilichokitundika pale tangu tulipomaliza arobaini yake. Kibuyu kilikuwa kinatoka jasho. Nikapitisha kidole kwenye ule mchirizi, nikalamba. Chumvi, na nyuma ya chumvi moshi wa kuni za mkorosho. Nilishuka nikakaa sakafuni, mtu mzima na miwani yangu, nikalia mpaka mume wangu akaja kuuliza kama nimeanguka.

Mimi ni mtoto wa pekee wa mama yangu, lakini vitu vya marehemu havikai kwa mtu mmoja. Kule Chinongwe khanga zilikwenda kwa mashoga zake, masufuria yakaenda kwa mabinti wa shangazi, kitanda kikapata mwenyewe. Mimi nikaomba kibuyu cha chumvi. Wakanicheka. Mtu anatoka mjini, mjini kuna maduka, halafu anang'ang'ania chumvi! Nikakitungua juu ya mafiga na kukitikisa, hakikulia. Chumvi yote ilikuwa imeshikana, jiwe moja, na kibuyu kilikuwa kizito kuliko nilivyotarajia. Nikakipakata kwenye bodaboda njia nzima, kijana wa watu akiniuliza, "Mama, hiyo asali?" Nikamwambia ndiyo.

Chumvi ya utoto wangu haikuwa hii ya pakiti, nyeupe na laini. Ilikuwa chumvi ya mawe kutoka pwani, rangi ya kijivu, na ukiwa na bahati mbaya unang'ata mchanga ndani yake. Ilifika soko la Nachingwea kwenye magunia yaliyolowa chini, na baba aliileta nyumbani kwa baiskeli kila alipokwenda mjini kwa shughuli za korosho. Mama aliiponda kwenye kinu, akaitia kibuyuni, akaziba mdomo kwa gunzi la hindi na kukitundika juu ya moto. Aliwahi kujaribu kopo la maziwa, chumvi ikalila kopo mpaka likatoboka, akarudi kwenye kibuyu chake. Kule juu moshi uliikausha na kuipa harufu ambayo sijaikuta tena kwenye chakula cha mtu yeyote.

Kitu kilichonishangaza ni kwamba ile chumvi ilijua mvua. Kifuku, msimu wetu wa mvua, kikikaribia, mbingu bado nyeupe na wanaume bado wanabishana kama waanze kupanda, kibuyu kilianza kulowa. Mama alikigusa, akaangalia kidole chake, halafu akaniambia nianue mbaazi. Baba alikuwa na redio, lakini mbaazi zilianuliwa kwa kauli ya kibuyu. Na punje ikidondoka motoni ililia, pa! pa!, na ulimi wa moto pale ilipoangukia ukawa wa njano. Nilizidondosha makusudi kila mama alipogeuka. Alijua, masikio yake yalikuwa mazima.

Nilipofika sekondari mwalimu wa kemia alitueleza kwamba chumvi imetokana na vitu viwili vya hatari, metali laini inayolipuka ikiguswa na maji, na gesi ya kijani inayoua watu. Vikikutana, alisema, unatia kwenye mboga na unakula. Darasa zima lilimwona anatutania. Mimi nilimwamini palepale, kwa sababu nilishaona nyumbani kwetu jinsi hicho kitu kidogo kinavyoweza kukaribia kuunguza nyumba.

Kuna siku mama alipika mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Na kuna siku alipika kila kitu, kisamvu kikachemka, tui la karanga likaingia, halafu akatoka mlangoni mwa jiko na kupaza sauti.

"Esha! Njoo utie chumvi!"

Hata ningekuwa wapi nilikuja. Niliacha mchezo katikati, niliacha ndoo kisimani, mara moja nilishuka kwenye mkorosho kwa haraka nikapasua gauni. Mama alikuwa ameshafunua sufuria, amerudi nyuma hatua mbili tatu, mikono ameificha ndani ya khanga. "Vidole vitatu," alisema. "Usijaze kiganja. Zungusha, usimwage mahali pamoja." Nami nilichota, nikazungusha, nikakoroga, nikaonja kwa mwiko. Kisha nikasema, kwa sauti ya mtu mkubwa, "Imekolea." Mama akaitikia, "Haya, ahsante mwanangu." Katika kutwa nzima hiyo ndiyo ahsante pekee niliyopewa na mtu mzima.

Niliamini ulimi wa mama ulikuwa unaugua. Siku fulani fulani unakufa, hauwezi kuonja, na ndiyo maana ananihitaji mimi. Na nilizipenda siku hizo kupita sikukuu. Usiku nikilala nilimwomba Mungu ulimi wa mama ufe tena kesho.

Rafiki yangu alikuwa Mwanahawa, nyumba ya pili. Kwao walikuwa wengi, mama yake hakukosa mtoto mgongoni, na akimshusha mmoja mwingine keshaonekana njiani. Siku moja tukiwa tunachambua ufuta nyuma ya nyumba yao nikamringia.

"Mimi mama ananiita kutia chumvi kila mwezi. Wewe?"

Mwanahawa akafikiri. "Mi aliniita zamani. Kabla ya Shabani kuzaliwa."

"Basi wewe unatia vibaya. Mimi natia vizuri, ndo maana naitwa sana."

Mama Mwanahawa alikuwa anapepeta hapo karibu. Aliacha ungo, akaniangalia muda mrefu kwa macho ambayo sikuyaelewa, akaingia ndani akatoka na muhogo wa kuchoma, mkubwa, akanipa mimi na kumwacha mwanawe. "Kula, mwanangu," alisema. Nikajua nimeshinda.

Wanawake wa kwetu mnaosoma hapa mmeshanicheka, au mmeshasikitika. Kwa asiyejua, ni hivi: huku kwetu mwanamke akiwa kwenye siku zake hatii chumvi kwenye mboga. Wazee waliamini akitia, wanaokula watapata kifua, hasa mume. Basi humwita mtoto ambaye hajavunja ungo amtilie. Mwenye mimba haiti mtoto, na anayenyonyesha mtoto mchanga mara nyingi haiti. Mama yangu aliniita kila mwezi, kwa miaka. Yeye aliyekuwa anasubiri mtoto wa pili alisimama mlangoni mwa jiko na kuwatangazia majirani kwa sauti kwamba na mwezi huu amekosa, na mimi nilikuja mbio nikicheka.

Kuna kifuku kimoja hakuniita kabisa. Kibuyu kililowa, mbaazi zikaanuliwa, mahindi yakafika magotini, wala sikusikia jina langu jikoni. Nilizungukazunguka pale mlangoni nikijikohoza. Mama alikuwa anaimba akipika, kwa sauti ndogo, na alianza kulala mchana. Nikaona nimefukuzwa kazi. Nilinuna, nikagoma kula, baba akaniuliza nina nini nikamwambia mboga ina chumvi mbaya siku hizi. Wakaangaliana, wakacheka wote wawili, na baba alicheka mpaka tope kavu la palizi likamdondoka shatini.

Halafu siku moja wakaja wanawake nyumbani, mama Mwanahawa mbele, wakaingia chumbani kwa mama wakafunga mlango. Nilisikia neno moja tu, "imepotea". Baada ya siku kadhaa mama akasimama mlangoni mwa jiko. Sauti ilikuwa ndogo, lakini niliisikia.

"Esha. Njoo utie chumvi."

Nilikimbia kuliko siku zote. Uso wake ulikuwa umelowa, nikasema ni moshi. Nikatia, nikazungusha, nikaonja, nikatangaza, "Imekolea!" Naye akaitikia, "Haya, ahsante mwanangu," kama kawaida yake, akakaa chini palepale kwenye majivu.

Nikamuuliza kimepotea nini. Wiki ile ile mwalimu wetu alikuwa ametuonyesha chumvi kwenye glasi ya maji: akakoroga ikatoweka, akatuuliza imekwenda wapi, tukamwambia imekwisha. Akamimina yale maji kwenye kifuniko cha bati, akakianika dirishani, na kesho yake tulikuta utando mweupe. Basi na mimi nikachota chumvi, nikaiyeyusha kwenye kikombe mbele ya mama, nikamimina kwenye mfuniko wa sufuria na kuuanika juani. "Subiri uone," nikamwambia. Jua la Chinongwe halina mchezo, jioni maji yalikuwa yameondoka na chumvi imekaa pembezoni, duara jeupe. "Umeona, mama? Haijapotea. Ilikuwa imejificha. Na hicho chako kitarudi."

Mama alikwangua lile duara kwa ukucha, akaweka ulimini. Akacheka, halafu akanivuta nikakaa mapajani pake ingawa nilishakuwa mkubwa wa kukaa mapajani. Hakikurudi. Lakini kuanzia siku ile alianza tena kusuka nywele zake.

Mavuno ya korosho yalipofika, shangazi yangu alikuja kutoka Nanganga. Alikuwa dada mkubwa wa baba, mwanamke wa vicheko, mwenye mfuko wa kashata usiokauka, na nilimpenda. Alimpenda baba pia, hilo lazima niliseme, na kwa mapenzi hayo hayo hakuweza kuvumilia kuiona nyumba yake ina mtoto mmoja tena wa kike. Akanikalisha barazani, akanipa kashata.

"Eti Esha, mama yako bado anakuita kutia chumvi?"

"Ananiita kila mwezi, shangazi! Hata juzi kaniita."

"Hata juzi?"

"Ndiyo. Mimi ndiye natia vizuri kuliko watoto wote hapa."

Akanipa kashata ya pili. Alasiri ile nikamsikia akizungumza na baba chini ya mkorosho wa nyuma, mimi nikiokota korosho mbele kidogo. "Mtoto mwenyewe kasema. Kila mwezi anaitwa. We unangoja nini, mdogo wangu? Pale Nanganga kuna binti wa watu, kwao wanazaa sana. Sisemi umwache huyu. Ongeza tu." Baba aliendelea kuokota, akitenga korosho na bibo, korosho na bibo. Mama alikuwa kwenye kona ya nyumba na ndoo kichwani. Sijui alikuwa amesimama pale kwa muda gani. Alipita bila kutusalimia, akaingia jikoni.

Jioni ile tulikaa mkekani tukisubiri chakula, baba, shangazi na mimi. Tulisikia mboga inachemka, tukasikia mfuniko unafunuliwa. Shangazi akaacha kutafuna kashata yake, mwiko bado haujagonga sufuria. Ndipo mama akatokeza mlangoni mwa jiko, mikono ndani ya khanga. Angeweza kukaa kimya siku ile akatia mwenyewe, nani angejua? Lakini aliiogopa ile desturi kwa ajili ya kifua cha mume wake, mume ambaye alasiri ile alishauriwa aoe mwingine.

"Esha," akaita. "Njoo utie chumvi."

Nikainuka. Baba akanishika mkono. "Kaa."

Akainuka yeye. Baba yangu hakuwa mtu wa kuingia jikoni, hata maji ya kunywa aliletewa. Aliinama mlangoni maana lile banda lilikuwa fupi, akatungua kibuyu, akang'oa gunzi kwa meno, akamimina kiganjani. Vidole vitatu havijui. Akamwaga yote mahali pamoja, akakoroga kwa nguvu mchuzi ukaruka, kisha akatoka akasimama mbele ya dada yake na mwiko mkononi.

"Kuanzia leo chumvi ya nyumba hii natia mimi. Kila siku. Mwezi unaingia, mwezi unatoka, natia mimi."

Shangazi akashika mdomo. "Mwanaume?"

"Ndiyo, mwanaume. Dada, mboga ya mke wangu haitahesabiwa na mtu tena."

Tulikula. Ile mboga ilikuwa haiingii mdomoni kwa chumvi. Shangazi alikunywa maji vikombe na vikombe, baba alimaliza sahani yake bila kukunja uso, akaomba nyingine. Mama alianza kutetemeka mabega, nikadhani analia, kumbe anacheka, au vyote viwili. Mimi ndiye niliyelia waziwazi. Baba alikuwa amenipokonya kazi yangu mbele ya mgeni, na hata kuipima hajui.

Shangazi aliondoka kabla ya mavuno kwisha, na habari za binti wa Nanganga ziliondoka naye. Baba alishika neno lake. Kila jioni aliacha alichokuwa anafanya, akaingia jikoni, akatia chumvi. Wenzake walimtania kijiweni, wakamwita Mpishi, akaitika. Miaka yote hakujifunza kipimo. Mimi niliendelea kununa na kuomba Mungu asafiri, maana akienda Nachingwea kulala huko, mama aliniita, na siku hizo za safari nilitia kila siku, iwe inahitajika au haihitajiki. Hakuna jirani aliyeweza tena kujua kitu kwa kusikiliza jiko letu. Nilipochezwa unyago, nikafundishwa ninayopaswa kufundishwa, ndipo nilipoelewa baba alifanya nini. Niliporudi nyumbani nilimkuta jikoni amejikunyata juu ya sufuria, anatia. Siku zangu nazo zikafichwa humo humo, hakuniuliza hata mara moja.

Niliolewa Nachingwea. Baba akafariki. Mama akazeeka, siku zake zikakoma zamani, na akabaki peke yake Chinongwe kwa sababu alikataa kuja mjini kukaa kwenye nyumba ambayo jiko liko ndani. Nilikuwa nikienda kumwona nilipoweza. Na nikiwa nimekaa zangu barazani, mkubwa mzima na simu yangu, nilisikia sauti kutoka jikoni.

"Esha! Njoo utie chumvi!"

Mara ya mwisho nilimtania. "Mama, si unaweza kutia mwenyewe sasa? Miaka hiyo imepita."

"Najua imepita."

"Sasa?"

"Mkono wangu haujazoea. Nilimzoea baba yako, baada yake wewe."

"Na siku nisipokuwepo, nani anakutilia?"

Alichochea moto, akapuliza, akajifuta macho. "Nakula hivyo hivyo. Nangoja uje. Chumvi yenyewe haiozi, mwanangu, inasubiri."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha wa wazee. Nikatia vidole vitatu, nikazungusha, tukala, na asubuhi nikaondoka kuwahi basi.

Ndiyo maana kibuyu kilikuwa kizito. Kililowa kifuku, kikakauka kiangazi, kikalowa tena na kukauka tena, na hakuna mkono ulioingia kuivuruga chumvi, punje zikashikana mpaka zikawa jiwe. Hakuna aliyekuwa anaichota. Mama yangu alikuwa anakula chakula kisicho na chumvi na kunisubiri.

Jana niliinjika kisamvu, kwa tui la karanga, kama chake. Watoto wangu walikuwa nje, mume wangu kazini, mvua inapiga bati. Nikamegua kipande kwenye lile jiwe kwa ncha ya kisu, nikakiponda. Nikafunua sufuria. Halafu nikarudi nyuma hatua mbili, sijui kwa nini, nikasimama na mikono ndani ya khanga, nikingoja. Mboga ikachemka, mvuke ukajaa miwani. Nilingoja sana mpaka ikaanza kushika chini.

"Esha," nikasema mwenyewe, kwa sauti, mlangoni mwa jiko langu. "Njoo utie chumvi."

Nikaitika, "Bee, mama," nikaenda.